Uso wa Mama Whitney

Saa tatu na robo asubuhi Nimco alikuwa ameshachora visanduku mia moja na arobaini. Kazi yake ilikuwa hiyo. Picha inakuja kwa laptop, barabara ya nchi ya mbali iliyojaa theluji, na yeye anazungushia kisanduku kila mtu, kila gari, kila mbwa. Ati ndivyo magari ya huko yanafundishwa kujiendesha bila kugonga watu. Theluji hakuwa ameiona maishani mwake, lakini mtu akijificha nyuma ya lori ibaki kofia peke yake, Nimco alikuwa anamwona.

Juu ya skrini kulikuwa na jina: Adhiambo.

Hilo halikuwa jina lake. Adhiambo alikuwa jirani wao, Mama Whitney, muuza samaki wa soko la Gikomba, wa mlango wa pili hapo ghorofa ya tano, mtaa wa Huruma. Nimco mwenyewe alikuwa Msomali aliyezaliwa Nairobi, akasoma Nairobi, akamaliza form four na alama nzuri, lakini kitambulisho kilikataa kutoka. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Mara alete cheti cha babu, mara mwenye faili ameenda likizo, mara njoo wiki ya kesho. Na bila kitambulisho kampuni haikufungulii akaunti. Ndiyo siku moja Mama Whitney akamwambia, mikono imejaa magamba, "Si utumie yangu? Kitambulisho changu kinalala tu ndani ya Bible."

Mama Whitney akapigwa picha, akageuza shingo huku na huku, akaunti ikafunguka. Tangu hapo, miezi kumi na moja, kampuni ikitaka kuhakikisha ni yeye, Nimco anagonga mlango wa pili. Mama Whitney anajipangusa na leso, anakaa mbele ya kamera. Nimco anajibanza kando ya kabati asije akaonekana hata kidole. Dakika moja, imeisha, wanacheka.

Sasa skrini ikawa nyekundu. Thibitisha uso wako. Una saa mbili. Ukishindwa mara tatu, au muda ukiisha, akaunti itafungwa kabisa.

Alitoka mbio na kandambili moja.

"Mama Whitney! Mama Whitney!"

Mlango ulikuwa na kufuli. Alipiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena, na tena, kama mtu anayegonga ukuta akitegemea utafunguka.

Siyad wa ghorofa ya tatu alikuwa akipanda ngazi na mtungi wa maji begani. Yeye akaunti yake ya kazi hiyo hiyo ilifungwa mwezi wa tatu. Siku hizi anabeba mizigo.

"Nimu, mbona unahema hivyo?"

"Wanataka uso."

Siyad aliteremsha mtungi. "Uso uko wapi?"

"Gikomba."

"Basi enda! Unaniangalia nini? Mimi nilingoja nikidhani wataongeza muda. Hao hawaongezi."

Nimco alirudi chumbani, akavaa kandambili ya pili, akatia laptop ndani ya jilbabu, akaibana kwa mkono kama mtoto mgonjwa, akashuka. Hooyo, mama yake, alikuwa ameshaenda kuuza maziwa, hakukuwa na wa kumwambia. Na angemwambia nini? Kwamba ile kodi ya nyumba na ule unga ulikuwa umening'inia kwa shavu la jirani?

Alipita njia za ndani. Barabara kubwa aliiogopa, kwa sababu asiye na kitambulisho hutembea na macho ya panya. Alivuka mitaro, akapita chini ya nguo zilizoanikwa, akatokea karibu na maduka ya mabati. Hapo akakata kona, na kona ilikuwa na askari wawili.

"Wewe. Simama hapo. Kitambulisho."

Alitoa ile karatasi ya kungojea kitambulisho, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa.

Askari mrefu aliisoma taratibu. "Hii ni ya mwaka juzi."

"Ndiyo, afande."

"Na hapa ndani umebeba nini?"

Alitoa laptop. Askari akaifungua. Jina likawaka kubwa, na chini yake dakika zilikuwa zinarudi nyuma.

"Adhiambo," alisoma. Akamtazama Nimco kutoka jilbabu mpaka kandambili. "Wewe ndiye Adhiambo?"

Mwenzake aliangua kicheko. "Adhiambo wa wapi huyu? Salimia watu na Kijaluo tusikie!"

Nimco alikuwa msichana ambaye hata shuleni, mwalimu akimwuliza swali analolijua, jibu lilikuwa linakwama kooni. Sasa lilikwama kabisa. Alitazama dakika. Sitini na nane. Sitini na saba.

"Ni ya jirani," alisema mwishowe, sauti ndogo kama ya mbu. "Nampelekea."

"Risiti?"

"Sina."

"Kaa kwa ukuta. Mkubwa akikuja utamweleza huyo jirani."

Akakaa kwa ukuta. Kila mtu aliyepita alimwangalia kama mwizi, na yeye akaanza kujisikia mwizi, ingawa hakujua ameiba nini. Uso? Na aliyempa ni mwenyewe. Dakika ishirini zilienda hivyo. Halafu bodaboda akapita amebeba magunia matatu ya nguo, na askari wakaona samaki mkubwa zaidi.

"Chukua mashine yako, potea!" mrefu alimtupia mkono.

Alikimbia. Ile aibu ya msichana kukimbia barabarani aliiacha hapo kwa ukuta. Alipofika soko la samaki Gikomba, sakafu imejaa maji na magamba, skrini ilisema dakika ishirini na sita.

"Mama Whitney yuko wapi?" aliwauliza wanawake wa meza ya kwanza, na kwa mara ya kwanza hakuna neno lililokwama.

"Yule pale. Lakini ukimsalimia hatakujibu vizuri," alisema mmoja, Akech, mnene, kisu mkononi. "Leo ameficha andazi mdomoni."

Mama Whitney aligeuka. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba mpaka jicho likawa mstari tu. Leso ilikuwa imefungwa kutoka kidevuni mpaka kichwani.

"Ni jino," Mama Whitney alisema, maneno yakitoka upande mmoja. "Usiku mzima sijalala. Hata simu sikuchaji. Mbona umekuja huku? Nani amekufa?"

"Wanataka uso."

Mama Whitney alishika shavu. Alielewa papo hapo. "Woi, nyathina, mtoto wangu. Leta hiyo kitu."

Walikaa juu ya kreti. Nimco aliwasha data ya simu, akaweka laptop juu ya magoti ya Mama Whitney. Kidude cha mviringo kikatokea. Geuka kushoto. Geuka kulia. Funga macho. Fungua. Mviringo ukafika nusu, ukawa mwekundu. Uso haulingani. Umebakisha mara mbili.

"Haulingani na nini?" Akech alichungulia. "Huyu si ndiye Adhiambo? Nimekaa naye hapa miaka tisa!"

"Ni kuvimba," Nimco alisema. Alitaka kulia.

"Kuvimba ni kitu kidogo. Leteni barafu!"

Ikaletwa, kutoka chini ya samaki, na harufu yake yote. Akech aliifunga kwa mfuko akambandika Mama Whitney shavuni. Mama Whitney alipiga mayowe.

"Wewe Akech, polepole! Hii ni uso, si samaki wa ngege!"

"Nyamaza, nikurudishie urembo. Bwanako atanilipa."

Wanawake walicheka. Nimco hakuweza. Alihesabu. Kumi na tano. Kumi na mbili. Shavu likawa jekundu, likalowa, likapungua kidogo, au labda yeye ndiye alitaka kuona limepungua. Mama Whitney akafungua leso, akakaa wima kama mtu wa picha ya passport.

Mviringo ukaanza kujaa. Nusu. Robo tatu. Kisu cha Akech kikasimama. Halafu nyekundu. Umebakisha mara moja.

Zilikuwa zimebaki dakika nne.

"Tena," Mama Whitney alisema. Chozi lilikuwa limetoka kwa lile jicho la mstari. "Weka tena, Nimu. Nitajikaza."

Nimco alimwangalia. Hilo shavu halingekubali, hata mtoto angejua. Na kesho lingekuwa limepona, lakini kampuni haikuwa na kesho. Akaichukua laptop kutoka magotini mwa Mama Whitney, akaigeuza.

"Unafanya nini wewe?"

"Ngoja."

Miezi kumi na moja alikuwa akiikwepa hiyo kamera. Sasa aliiangalia moja kwa moja. Akageuka kushoto. Akageuka kulia. Akafunga macho, akasikia visu, maji, mtu akiitisha omena. Akafungua. Ndani ya mviringo alikuwa yeye, na tone la jasho juu ya mdomo.

Mashine ilichukua muda wake. Halafu ukurasa ukawa mweupe. Jina likaondoka, picha zikaondoka, na zile barabara za theluji zote.

"Imesema nini?" Mama Whitney aliuliza.

"Imesema hainijui."

Akech alisonya. "Si ungeiambia jina lako!"

Nimco alifunga laptop, akaipangusa magamba kwa upande wa jilbabu.

"Haikuuliza."