Kengele ya Kila Dakika

Jumamosi hiyo asubuhi, uwanja wa barafu ndani ya duka kubwa la Tianhe, huko Uchina, ulikuwa na kelele kuliko soko la nguo la Shahe siku ya kufungua mzigo mpya. Chanzo kilikuwa sheria. Wasimamizi wa hoki ya barafu ya watoto walikuwa wametangaza kwamba kuanzia siku hiyo, kwa walio chini ya miaka kumi, kengele italia kila dakika. Ikilia, walio uwanjani watoke wote, walio benchini waingie wote. Hakuna cha fundi wala cha mzembe.

"Mtoto yuko mdomoni mwa goli, kengele inalia, aache aende zake!" alilalama Vuai, wakala wa makontena wa bandari ya Nansha, ambaye hana mtoto wala mjukuu pale lakini hakosi mechi. "Hii hoki au foleni ya choo?"

"Foleni ya choo ina haki kuliko zote duniani, Vuai," alimjibu Bimkubwa. "Hata tajiri hungoja."

Watu wakacheka. Bimkubwa, ajuza wa Unguja anayeuza nguo za watoto, alikuwa amevaa buibui juu ya masweta mawili hata akafanana na robota la mitumba. Naye alicheka, ila cheko lake halikushuka tumboni.

Mjukuu wake Hasna, mwenye miaka tisa, alikuwa mchezaji kwa jina tu. Tangu Septemba kazi yake ilikuwa kufungua kimlango cha benchi wenziwe wapite. Juma lililopita alimwambia, "Bibi, nisipocheza Jumamosi, usinilete tena." Hakulia. Na huko kutolia ndiko kulikomkosesha Bimkubwa raha.

Mara akaja Marie-Claire, mwanamke wa Lubumbashi anayenunua viatu soko la Liuhua, karatasi mkononi. Mwanawe Loïc ndiye aliyekuwa akifunga karibu magoli yote ya timu. Wasimamizi walisema familia zote kumi zikitia saini kabla ya saa sita mchana, timu itarudishiwa sheria ya zamani. Tisa zilikwisha kutia.

"Mama Bimkubwa, tia signature. Ile sheria iko mubaya. Loïc wangu akae ku benchi nusu ya mechi, sawa na mugonjwa!"

"Pole, mwanangu. Kwani hilo benchi lina miiba? Mbona Hasna wangu halijamchoma miezi yote hii?"

Marie-Claire akatazama viatu vyake. "Hasna atacheza, Mama. Siku moja."

"Siku moja hiyo imo kalenda ipi, ya Kichina au yetu?"

Lakini Bimkubwa alijua mzaha haufukuzi karatasi. Akikataa wazi, ni familia tisa kwa moja, na wengi wa wanawake wa familia hizo ndio anaochangia nao kontena la mizigo. Basi akaipokea ile karatasi, akaielekeza kwenye taa, akaivuta pembe mbili kama anayepima kitambaa.

"Mama Loïc, viatu vya Liuhua unavilipia kabla hujaona sampuli?"

"Jamais! Hata siku moja!"

"Basi na mimi sheria hii sijaiona. Nipe sampuli, mechi moja tu. Ikiwa mbovu natia saini, na dole gumba juu yake."

Marie-Claire akakwama. Mfanyabiashara kumnyima mwenziwe sampuli ni aibu ya kusimuliwa mpaka bandarini.

"Moja tu," akasema.

Mechi ikaanza. Dakika ya kwanza Loïc alibaki yeye na kipa, kengele ikalia. Vuai akashika kichwa kama aliyefiwa. Mabibi wa Kichina, wenye chupa zao za maji ya moto, wakapiga makofi, saini zao wamezisahau, maana wajukuu wao wawili walikuwa wakiingia. Hasna naye akaingia, ameukumbatia ukuta. Kisha akauachia.

Aliteleza kama mbuzi aliyekanyaga sabuni. Akaanguka, akainuka, akaanguka. Loïc, benchini, akawa anagonga ubao kwa gongo lake: "Kunja magoti, Hasna! Magoti!"

Zikiwa zimebaki dakika mbili, matokeo nne kwa nne, kile kisahani cheusi cha kuchezea kikamjia Hasna miguuni. Akainua gongo, akalishusha kwa nguvu zake zote. Gongo likapita, kisahani kikabaki palepale kinamtazama. Mpinzani akakiokota, akaenda akafunga. Tano kwa nne, mechi ikaisha hivyo.

Hakuna aliyemtazama Bimkubwa, naye kwa hilo akajua wote wanamfikiria. Marie-Claire akaja na kalamu.

"Sampuli umeiona, Mama."

Kabla hajajibu, Hasna akaja mbio, kofia ya chuma kwapani, nywele zimegandana usoni kwa jasho.

"Bibi! Umeniona? Nimeanguka mara kumi na moja!"

"Kumi na mbili," alisema Loïc nyuma yake. "Lakini ya mwisho umesimama peke yako. Maman, barafu ni yetu mpaka saa sita. Nataka nimufundishe kupiga."

Wakaondoka wote wawili. Bimkubwa akaitwaa kalamu, akaifunika kifuniko chake, akaitumbukiza kwenye mkoba wa Marie-Claire.

"Mzigo naupokea, mwanangu. Una kasoro kumi na mbili, nimezihesabu. Naupokea."

"Lakini tumefungwa!" alipiga kelele Vuai. "Sasa tutafungwa mpaka lini?"

"Mpaka ajue kupiga. Wewe una haraka ya wapi, na mtoto huna?"

Marie-Claire alikuwa akimwangalia mwanawe, ambaye amepiga goti barafuni akimpanga Hasna vidole kwenye gongo, kimoja kimoja. Kisha akaikunja ile karatasi mara nne, akaitandika juu ya benchi la chuma lenye baridi ya kuuma, akaikalia.

"Sogea, mwanangu," alisema Bimkubwa. "Na mimi nimeganda."