Mtoto wa Meza

Nilikuwa na miaka sita, na jengo zima lilikuwa langu. Lifti ilikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo nilishuka ngazi kwa makalio, toka ghorofa ya nne hadi chini, nikisalimia kila mlango. Fundi saa aliniruhusu kusikiliza saa zilizopona. Muuza magazeti alinivusha barabara nikachukue uzi mweusi wa shangazi. Nikirudi na wa bluu, shangazi alicheka tu. Nani kama mimi?

Shangazi alikuwa mshonaji. Hakujaliwa kuzaa, alikuwa na mimi, tangu mama alipopata kazi mji wa mbali. Nilimpenda kupita kiasi, sioni haya kusema.

Asubuhi moja, nikiwa nyuma ya pazia, nikamsikia akimwambia mumewe:

"Mtoto huyu kanichosha. Hatulii! Nikikaa kushona, ananigonga magoti. Leo mrudishe alikotoka."

"Haya, nitampeleka mchana."

Moyo ulinilipuka. Ni kweli, nilizoea kucheza chini ya cherehani nikiokota vipande vya vitambaa. Nikatia gauni langu kwenye mfuko, na kiatu kimoja, maana cha pili sikukiona, nikakaa mlangoni. Sikulia. Niliapa sitamgonga mtu magoti tena maishani mwangu.

Shangazi akanikuta pale. "We mama, safari ya wapi?"

"Mnanirudisha. Nimekugonga magoti."

Mumewe naye akatokea chumbani, kwapani kabeba mtoto wa meza, lile sanduku la kuvuta la kuwekea mikasi na vifungo. Seremala alilipima vibaya, likawa linachomoka lenyewe.

"Kumbe kadhani ni yeye!" Mumewe akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Shangazi hakucheka. Alikaa sakafuni, akatoa gauni langu mfukoni, akalikunja upya polepole, machozi yakimdondoka juu yake.

"Nikurudishe wapi, na mimi nibaki na nani?"

Siku hizi mimi ndiye mwenye mvi, naye hayupo. Namkumbuka kila siku. Tangu asubuhi ile hadi anafariki, alisema "droo", hata wateja wakimtania kwamba anajifanya wa kisasa. Mumewe akijisahau akalitaja lile jina la zamani, alimkata jicho.

"Humu ndani," alimwambia, "mtoto ni mmoja."