Usaili wa Annapurna

Haimavati aliingia katika ofisi ile ya mtaa wa Ameerpet akiwa na miaka ishirini na mitatu, Kitelugu chake safi, Kiingereza chake cha kuombea maji. Kazi ya ofisi ilikuwa kuzitafutia hospitali za Hyderabad watu: wauguzi, wapimaji wa maabara, wahasibu. Aliyemshika mkono alikuwa Annapurna, mkuu wa wasaili, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza ambayo ilikuwa imewatoa wauguzi kwenye hospitali nzuri na kuwapeleka kwenye hospitali mbaya, wakashukuru.

"Usimwulize mtu kwa nini anataka kuhama," alimfundisha. "Mwulize jana alirudi nyumbani saa ngapi. Mengine atayamwaga mwenyewe."

Ilikuwa ofisi yenye upendo, na hilo si porojo. Mume wa Haima alipofariki kwa ajali ya pikipiki, Annapurna alikaa naye siku zote kumi na tatu za msiba, akawanyamazisha wakwe waliotaka kumrudisha kijijini. Mkurugenzi, bwana Chakrapani, alimlipa mshahara miezi minne bila kumwona ofisini. "Hapa sina wafanyakazi, nina ndugu," alipenda kusema. Watu walikaa pale miaka kumi, kumi na tano, na hakuna aliyewaza kuondoka.

Mwaka wa kumi na mbili wa Haima, Annapurna alianguka bafuni. Kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ukarudi. Ulimi haukurudi wote. Maneno yalimtoka yamelowa, yamegandamana. Ofisi ilimtunza miezi saba. Haima alikwenda kila Jumapili, akamlisha wali wa maziwa ya mgando na kumfuta kidevu.

Kisha Annapurna akatuma habari: anarudi kazini.

Chakrapani alimwita Haima na kufunga mlango.

"Unamwonaje?"

"Kichwa kizima, bwana. Anakumbuka hata wauguzi wa mwaka juzi kwa majina."

"Sikuulizi kichwa. Akipiga simu je?"

Haima akaitazama simu iliyokuwa mezani.

"Wateja wanataka mkuu kabla ya mwezi kwisha. Ni wewe au ni yeye. Mimi kumwambia siwezi, nitalia." Na kweli macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mfanyie usaili, kama mwombaji mwingine yeyote. Akipita, amepita."

"Mimi? Nimsaili mtu aliyenifundisha, kwa nafasi ninayoitaka mwenyewe?"

"Sasa nani mwingine anampenda kama wewe?"

Angeweza kukataa. Hakuna ambaye angemfukuza. Alisema atafikiri, lakini alipofika kwenye ngazi alikuwa ameshachagua siku.

Annapurna alikuja na sari ya hariri ya kijani, ile ya harusini, na maua ya asumini nyweleni. Mkononi alikuwa na wasifu ulioandikwa na mwanawe. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuuhitaji.

"Ka-karatasi tu hizi," alisema akicheka upande mmoja wa mdomo. "Si ndiyo, mdogo wangu?"

"Utaratibu tu, dada. Utampigia muuguzi mmoja simu. Muuguzi ni mimi, nitakuwa chumba cha pili."

Walitenganishwa na kioo. Haima alikuwa na wauguzi wa kila namna kichwani, wapole na wasikivu, na angeweza kuigiza yeyote. Alimchagua mkali, aliye katikati ya zamu.

"Haloo? Nani? Sikusikii!"

Annapurna alirudia jina lake.

"Sema vizuri, mama, nina wagonjwa hapa! Kazi gani? Wapi?"

Alirudia tena, polepole, akilisukuma kila neno kama mtu anayesukuma gari bovu. Kupitia kioo Haima aliona ameishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, umelewa?"

Annapurna akaanza upya tangu mwanzo, jina, ofisi, hospitali, na sauti ikamkatika katikati.

"Sikusikii," alisema Haima, naye alikuwa amesikia kila neno. Akakata simu.

Aliporudi chumbani, Annapurna alikuwa anautazama wasifu wake.

"Ulinisikia."

"Wauguzi hawatakusikia, dada."

"Sijauliza wauguzi." Alijifuta mdomo kwa pindo la sari. "Umenipa ngapi?"

"Nne katika kumi."

"Andika tatu. Neno mshahara limenishinda kabisa."

Haima akaandika tatu.

Ijumaa ofisi ikamfanyia Annapurna karamu ya kumuaga. Walimvika shada la maua, Chakrapani akalia kama alivyoahidi, akamtangaza kuwa mshauri wa ofisi maisha yake yote, cheo kisicho na meza wala simu. Haima, mkuu mpya, alisoma hotuba, kisha akakata keki na kumlisha kipande kwa mkono, kama ilivyo desturi. Annapurna alifumba mdomo. Watu walikuwa wameinua simu zao kupiga picha. Haima akaendelea kutabasamu, akasukuma taratibu, mpaka krimu ikamjaa midomoni na puani, na ofisi nzima ikapiga makofi. Picha hiyo ilibandikwa ukutani.

Jumapili iliyofuata mwana wa Annapurna alimfungulia Haima mlango nusu. "Mama amelala, shangazi." Ndani sauti ya Annapurna ilikuwa inamuuliza mtu aliyekuja ni nani, na safari hii Haima kweli hakusubiri kusikia. Alirudi Jumapili mbili nyingine, akaambiwa mama amelala, akaacha.

Alikaa katika ofisi ile miaka kumi na tisa zaidi. Alikuwa mkuu mwema. Wafanyakazi walipojifungua aliwaongezea likizo, walipofiwa alikaa nao msibani. Na mmoja wao akiugua, Haima alikuwa wa kwanza kufika hospitali na mfuko wa maembe, akaketi kando ya kitanda na kuulizia hali. Wagonjwa walimpenda, wakamsifu kwa kila mtu. Ila wakiiona sari yake mlangoni walijikokota wakakaa wima, wakakohoa kusafisha koo, na kumsalimia kwa sauti kubwa, neno baada ya neno, bila kukosea hata moja.