Kiran wa Mama

Mama yangu alimpenda Kiran kabla ya kumjua, na kosa ni langu mimi binti yake niliyemsomea.

Macho yake yaliharibika mwaka juzi. Akitazama uso wa mtu anaona masikio na ncha za nywele, katikati ukungu. Na Mama ni mlevi wa riwaya tangu Tanga. Kwa hiyo kila Jumapili, tukishamaliza sala ya adhuhuri, ninaketi naye sebuleni kwetu Crescent Town, huku ughaibuni, ghorofa ya kumi na saba, nikimsomea riwaya za India zilizoandikwa kwa Kiingereza na kuzigeuza Kiswahili papo hapo. Wapenzi wa dini mbili, mtaa unaowaka moto, msichana anayejitafuta kwa kurasa mia nne asijipate mpaka ya mwisho: hizo ndizo anazozitaka, na usimletee nyingine.

Siku ya kwanza aliniuliza kwa nini simsomei kwa Kikachi, lugha ya nyumbani, maadamu hadithi yenyewe ni ya huko. Nikamwambia Kikachi changu kibovu, na ni kweli kibovu. Sababu ya pili niliimeza. Kikachi kina umbea: kitenzi chenyewe kinakuambia aliyetenda ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakijishughulishi na hayo. Alikuja, akaketi, akapenda. Nani huyo, shauri yako.

Kitabu nilikichagua makusudi. Sabika, binti wa Kiislamu katika mji mmoja wa Gujarat, anampenda jirani yao Mhindu aitwaye Kiran. Huko India Kiran ni jina la wanaume na ni jina la wanawake. Kiran wa kitabu hiki ni mwanamke. Mama hakuuliza, nami sikusema.

Maana mimi nina Kiran wangu. Anaitwa Deanne, Mgoa, Mkatoliki, mtoto wa watu waliotoka Nairobi. Tuko pamoja mwaka wa sita, na ninamwona kule Malton baada ya zamu yangu katika ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege, mbali na macho ya jamaa zetu wote wa msikitini. Kwa Mama yeye ni "rafiki yangu wa kazini", basi. Mwezi ule, kabla sijakianza kitabu, alipata kazi Calgary, safari ya saa nne kwa ndege. Hakunigombeza. Alisema tu amechoka kuwa mtu asiye na jina nyumbani kwa mtu, na kama Mama hatajua ukweli hadi mwisho wa mwezi, ataondoka peke yake. Nikamwomba anipe Jumapili nne. Nilijiona mjanja: Mama ampende Kiran kwanza, halafu nimfunulie.

Ujanja ule ulinitoa jasho. Sura nzima Kiran amevaa sari, mimi nikamvika "nguo ya rangi ya chungwa". Shangazi yake akimwita binti yangu, mimi nasema mwanangu. Tatizo likaja kwenye ndoa, kwa sababu hapo Kiswahili nacho kinageuka mbea: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, hakuna pa kujificha. Nikang'ang'ania "kuoana". Wanataka kuoana, hawawezi kuoana, nani atawaruhusu kuoana. Mama akaniambia niache kurudia neno moja kama kasuku.

Lakini alimpenda. Alinipigia simu kazini, karatasi za mizigo zimenijaa mezani, kuniuliza kama Kiran atapona kidonda cha mkono. Alisema ni Baniani, sawa, lakini mwenye adabu kuliko vijana wote wa jamaa zetu aliowahi kuletewa kwa ajili yangu, na orodha hiyo, niamini, ni ndefu. Nilikuwa nacheka naye, kisha naenda bafuni kunawa uso. Sijui upweke wa namna ile unaitwaje, kukaa na mama yako anamsifu mpenzi wako na huwezi kusema asante.

Jumapili ya tatu tulifika kwenye ghasia za dini. Mtaa wa Sabika ukachomwa. Kiran akamficha chumbani mwake siku tatu, na nje ndugu zake Kiran wenyewe wanamtafuta kwa mapanga. Mama akalia. Nilifunga kitabu nikamletea maji, akayashika tu bila kunywa. Akaanza kunieleza habari za mdogo wake, mjomba Mehboob, aliyeoa Mgoa huko Dar es Salaam na kufutwa na familia nzima. Alikufia Mississauga, mwendo wa saa moja tu kutoka kwetu, na Mama hakwenda kumzika. Alisema wao walimfanyia Mehboob yale yale ya kitabuni, ila hawakuwasha moto.

Jumapili ya nne zilibaki kurasa tatu. Nilikuwa nimekwishafungua mdomo nisome aliponishika mkono.

"Fizza, huyo rafiki yako wa kazini. Ndiye anayekufanya usiolewe?"

Nikasema ndiye.

"Jina lake nani?"

"Deanne."

"Sikuulizi dini. Nakuuliza jina."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Masikio yake nayo yameanza kuchoka: nimesema Deanne, amesikia dini. Halafu nikaona mlango umefunguka mbele yangu, nami nikapita kama mwizi: nikamwambia ni Mkatoliki, Mgoa, wazazi wake wa Nairobi.

Mama akasema, polepole, "Mehboob nilimnyima. Wewe sikunyimi. Mwambie aje na wazee wake, nitawapikia."

Kwa nusu dakika nilikuwa na kila kitu. Mama aliyekataa kumzika ndugu yake kwa ajili ya Mgoa alikuwa anamkaribisha Mgoa mezani kwake, na yote hayo kwa ajili yangu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuomba Jumapili nyingine nne. Lakini wazee wa Deanne wangepanda lifti ile wamemleta nani?

"Mama, nimekutajia jina," nikasema. "Deanne. Ni mwanamke. Na Kiran naye ni mwanamke."

Mkono wake ukabaki juu ya wangu kidogo, kisha akauondoa. Akakipapasa kitabu magotini pangu, jalada na kingo, kana kwamba angeweza kulisoma hilo kwa vidole.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu ukurasa wa kwanza."

"Ungeniacha pale pale kwenye *yeye*," akasema Mama. "Yeye nilikuwa nimeshampenda."

Nikamwambia ni yule yule, kidonda ni kile kile, hakuna kilichobadilika. Akainuka, akaukataa mkono wangu, akaenda akipapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Tangu macho yake yaharibike, nikiwapo nyumbani, hajawahi kwenda bila mkono wangu.

Nilimpigia Deanne nikiwa jikoni. Nikamwambia nimesema. Akalia kwa furaha, akasema basi, Calgary haendi, kisha akaniuliza Mama amesemaje. Deanne hajui Kiswahili, kwao walizungumza Kiingereza. Nilijaribu kumfasiria nikashindwa, kwa sababu Kiingereza kinataka kujua kwanza yeye ni mwanamume au mwanamke, na ukishamwambia, maneno ya Mama hayapo tena.

"Amesema alikupenda," nikamwambia.

"Alinipenda?" akauliza. "Lini?"

"Leo," nikamjibu. "Kabla sijamwambia wewe ni nani."