Mguu Hadi Wapi

Kiswahili chetu kitamu, lakini kwa mguu kimefanya choyo, wallahi. Toka nyonga hadi kidoleni, yote mguu. Wayo upo, lakini nani umesikia kakatwa wayo?

Mzee Abdulhalim alikuwa fundi wa kujalidi vitabu Mji wa Kale. Mwaka wa tisini na nne ugonjwa wa sukari ulimla vidole vya mguu wa kulia vikawa vyeusi, naye kisu akakikataa katakata. "Nitazikwa mzima," akasema. Ubishi alizaliwa nao.

Kilichomlainisha ni kitabu. Kililetwa kushonwa upya, cha Kiingereza, maisha ya Bressac, mpasuaji wa Kifaransa wa karne iliyopita. Binti yake Mwanakuu, mwalimu, akawa anamfasiria huku mzee anashona. Bressac alikuwa mwana wa fundi viatu. Vitani wenzake walikata watu mapajani kama wanaopasua kuni; yeye akikata mguu mbele tu, akimwachia mtu kisigino chake. Paris walimcheka, wakamwita daktari wa visigino. Alikufa hana cheo, lakini wagonjwa wake walimsindikiza kaburini kwa miguu yao.

"Huyo ndiye mtu!" mzee akapiga meza. "Basi nami nikateni mguu."

Hospitalini Daktari Mutunga aliangalia, akasema, "Mzee, mguu tutaukata."

"Kateni, mwanangu. Bismillahi."

Wakapeana mikono, kumbe kila mmoja ana mguu wake.

Fomu akapewa Mwanakuu, maana mzee Kiingereza hakijui. Imeandikwa: juu ya goti. Sumu ilikuwa imepanda. Aliisoma mara mbili. Akimwambia babake, mzee atarudi nyumbani kufa, na hilo halina shaka. Alitafuta huruma moyoni mwake, akatafuta hofu, asione kitu. Moyo umekufa ganzi. Akatia sahihi.

Mzee alipozinduka alipapasa shuka. Akapapasa tena, juu zaidi.

"Mwanakuu. Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Goti. Neno moja tu, goti, likakushinda kulitamka?"

Mwanakuu alingoja kilio kije, hakikuja. Muuguzi akaleta uji, naye Mwanakuu akachota kijiko, akampelekea babake mdomoni.

Mzee akauzuia mkono wake.

"Lete hapa. Mikono bado ninayo."