Mungu Amesema Mngoje

...na hapo tena, pale pale alipopangusa, weupe unarudi, akapangusa kwa nguvu zaidi, kitambaa kikalia juu ya kioo, Bwana wewe ni mwaminifu, Bwana wewe hushindwi, kioo gani hiki kinachokataa kutakata, wageni wanaingia jioni na nyumba hii ya Ras Kitau, hapa Manda, ni madirisha matupu, kutoka sakafuni mpaka darini, kama walioijenga walikuwa na ugomvi na kuta, na yeye Kagendo ndiye wa kuyaosha, siku zote huyaosha akiimba, leo wimbo umekwama, kila akianza na damu ya Yesu anakatiza kwenye hilo neno damu, kwa sababu Gakii, bintiye, anatokwa na damu tangu alfajiri, mtoto hatoki, damu ndiyo inatoka, na muuguzi wa huko Faza anakokaa amesema huyu ni wa kupasuliwa, mpelekeni Lamu upesi... upesi! Upesi wa wapi, na boti imekwama mdomoni mwa mfereji wa Mkanda, maji yamekupwa, na maji yakikupwa ule upenyo unabaki tope na mizizi ya mikoko, hapiti mtu, labda wazunguke nje, bahari kuu, na huu ni wakati wa kusi, mawimbi ya kusi hayana adabu, hata hapa ndani anayasikia yakijipiga. Wangezunguka nje wangetokea hapa, mbele ya dirisha hili hili, akapangusa tena ili aone, weupe, michirizi, bahari haipo. Uone nini, Kagendo? Hawawezi kutokea. Si wewe uliyewaambia wangoje?

"Bi Kagendo, umepata habari?" sauti ya Mwanamkisi, mpishi, inatoka jikoni pamoja na harufu ya vitunguu, "Bado," akajibu, au alidhani amejibu, kwa maana masikio yake yako kwenye ile simu ya asubuhi, mkwe wake Bramwel akipiga kelele juu ya upepo, Mama, nahodha Wazir anasema nje panapitika, atakwenda pole pole, tutalowa lakini tutafika, ama tungoje maji yajae, Mama mimi bahari siijui, mimi ni mtu wa Bungoma, wewe ndiye mtu wa maombi, Mungu anakwambia nini? Na nyuma ya sauti yake Gakii akiguna, si kulia, kuguna, kama mtu anayebeba gunia, na Kagendo akafumba macho asikilize... na hakusikia kitu. Ai, hakusikia kitu! Alisikia upepo. Aliona boti ndogo juu ya wimbi kubwa, basi, na yeye ni mwanamke wa Meru, wa milima na majani chai, mito ya kwao unairuka, tangu aje Lamu hata kuvuka hapo ng'ambo, Shela, huvuka amefumba macho, na mdomo ukasema, wenyewe, kwa ile sauti ya ibada, "Mungu amesema mngoje."

"Amen, Mama." Hiyo Amen ya Bramwel! Ilikuwa na shukrani ndani yake, kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akamsikia akimwambia nahodha, na nahodha akasema haya, angebishana vipi mtu wa Faza na Mungu wa wenyewe, akasema haya kwa heshima zake. Mdomo huu! Mdomo umezoea, kila Jumatano kwenye maombi, Mungu ananiambia kuna mtu hapa anaumwa mgongo, na walimu na mapolisi wale wanaokuja, nani kati yao haumwi mgongo, mkono unainuliwa, haleluya, na Nicodemus, mmoja wa mapolisi hao, akaambiwa Mungu amesema utapandishwa cheo, akapandishwa, tangu siku hiyo wanamwita mama wa unabii, naye akauvaa huo unabii kama kitenge kipya, haukumbana popote, mpaka leo.

"Bi Kagendo!" Mwanamkisi amesimama mlangoni na mwiko mkononi, anaitazama ndoo. "Mai hayo umeteka wapi? Ya kisima hayo, yana munyu! Waosha kioo kwa munyu?" Kweli. Siku zote huteka kwenye tangi la mvua, kila mtu wa Manda anajua kisima ni chumvi, leo miguu ilimpeleka kisimani na hakuiuliza, na asubuhi nzima amekuwa akipaka chumvi juu ya chumvi na kuomba itakate. "Pole mamangu," Mwanamkisi akalegeza sauti, "mai yatayaa, inshallah. Lakini Wazir naye, mbona hakupita nde? Yule huipita nde hata kusi, na wagonjwa, hafanyi mtezo na roho za watu."

Umjibu nini huyu, Kagendo, kwa nini hawakupita nje? Kwamba Mungu alikataa? Vitunguu vikaanza kuungua, Mwanamkisi akarudi kwenye sufuria zake. Kagendo akaitoa simu, vidole vya chumvi vikateleza, Bramwel, pokea, umwambie nahodha aamue yeye, mimi sikusikia kitu, mimi niliogopa tu... hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

Baba, mponye... hapana. Bwana wewe ni mwa... hapana, nyamaza, maneno hayo yamejipanga mlangoni kama kawaida yake, yafukuze. Gakii alipokuwa mdogo aliuliza, Mama, Mungu ana sauti gani? Naye, akimsuka, bila hata kufikiri, akamjibu, ni kama ya mama yako akikuita. Ndiyo hiyo Gakii aliyoisikia kule kwenye boti, akatulia, akangoja.

Sikukusikia, Baba. Nilisema umesema na hukusema. Sema sasa. Maji bado yamekupwa, kioo bado ni cheupe, simu iko mkononi kimya, na maneno yakamjaa mdomoni, mazuri, ya kufariji, yote anayajua, Kagendo akauma midomo, akangoja, asimjibie Mungu.