Gauni la Mikono ya Kushoto

Kuna watu wamepewa mikono miwili na wakaona yote ni ya kunyooshea wenzao vidole. Shangazi wa binti ninayemsimulia alikuwa mmoja wao, tena mwenye cheo. Sindano aliijua siku ilipomchoma tu, lakini ushonaji wa watu aliukosoa utadhani yeye ndiye aliyeubuni.

Bibi alipofariki, cherehani yake ilibaki kwa binti huyo, mjukuu wake. Shangazi akaja kutazama. Mshono wa kwanza wa binti ulikuwa umekwenda upande kama mlevi atokaye kilabuni. Akamwita Mshazari, na jina likaganda.

"Wifi," akamwambia mama mtu, "cherehani ya mama yangu si mdoli. Nipe nikaiweke sebuleni kwangu."

"Ishone nini huko?"

"Kwani lazima ishone? Nitaitandikia kitambaa, niiwekee na maua juu."

Haya! Mbuzi wa maziwa afugwe kwa uzuri wa ndevu zake.

"Subiri harusi ya binti yako," mama akajibu. "Mwanangu anishonee gauni. Lisipovalika, njoo na mkokoteni wako."

Mama mwenyewe hakujua kushona hata kifungo. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda akichambua maharage, sikio kwenye cherehani. Ikinyamaza, huuliza, "Imekukataa?" Ikianza tena, husema, "Hapo sawa, nakusikia." Basi. Mshazari akashona ili asikiwe.

Kitambaa kilikuwa haba, hakikutosha kukunjwa ili mikono yote ikatwe pamoja. Akakata mikono ya gauni mmoja mmoja, akasahau kuigeuza karatasi ya kipimo alipokata wa pili. Asubuhi ya harusi mama akavaa. Mkono wa kushoto ukaingia kama maji. Wa kulia ukambana kwapani na kujisokota kama kamba ya kisima.

"Mama, nimekata yote ya kushoto!" Mshazari akaangua kilio. "Vaa lile la zamani. Acha shangazi aichukue tu cherehani."

Mama akabana pumzi, akajisukuma ndani. "Limevalika?"

"Limevalika, lakini..."

"Hiyo lakini iache hapa, ilinde mlango."

Ukumbini shangazi alikuwa kazungukwa na mashoga zake, maua bandia kichwani, kang'aa kama sufuria mpya isiyojua moto. Akamwona wifi yake, mkono wa kulia umekauka ubavuni kama wa askari wa gwaride.

"Kitendawili!" akapaza sauti.

"Tega!" wakaitika mashoga.

"Mikono miwili, yote ya kushoto!"

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mshazari, nyuma ya mama yake, akatamani sakafu ipasuke immeze.

"Gauni la mwanangu," mama akajibu, wala hakuinua sauti. "Umetega chepesi, wifi. Na mimi nina changu. Kitendawili!"

"Tega!" Mashoga ni mashoga, huitikia yeyote.

"Mikono miwili mizima, na haijatoa hata mshono wa kupinda!"

Mmoja akakohoa kwenye leso. Mwingine akamtazama shangazi, kisha akageuka haraka kutazama dari.

"Mnanipa mji? Haya, naukataa, kaeni nao. Tulisema gauni livalike, nami nimelivaa mbele ya ukumbi mzima. Mkokoteni ubaki kwenu."

Akakaa na gauni lile mpaka bibi harusi akaondoka. Wenzake walipopiga makofi, yeye alipiga paja kwa mkono wa kushoto. Walipofika nyumbani akalivua, kwapa limechubuka jekundu, akampa binti wembe.

"Fumua huu wa kulia. Ukae karibu, nikusikie."

Mshazari akafumua, akakata upya, akashona. Hajaacha mpaka leo, na mvi zimemjaa. Jina lile alilopewa kwa dhihaka kalipaka rangi mlangoni mwa duka lake.

Juzi shangazi kaja, mkongojo mkononi, anataka gauni la harusi ya mjukuu wake. Mbele ya wateja akatamka bila haya, "Huyu nilimtia moyo mimi! Bila mimi asingekuwa fundi."

Mshazari akauvua utepe wa kupimia shingoni mwake.

"Inua mkono wa kulia, shangazi."

Mkono ukapanda, mwepesi, hauna hata mkwaruzo. Mshazari akautazama, akakumbuka kwapa la mama yake.

"Ushushe," akasema. "Nimeshauona."